Tawi la Upande wa Kusini

Jumamosi, 12 Mei

Daftari hili lilinunuliwa kwa ajili ya Verlyn, mume wangu. Mtaalamu wake wa mazoezi alisema aandike mstari mmoja kila siku kwa mkono wa kushoto, ili ubongo ujifunze njia nyingine. Aliandika herufi tatu akalitupa chini ya meza. Nimeliokota mimi. Nimepika katika jiko la shule miaka thelathini na moja, na sijazoea kuona kitu kipya kikiharibika bure.

Tumefika kambini leo mchana. Nimeliendesha mwenyewe gari letu, nyumba nzima yenye magurudumu, jiko, kitanda na choo, nikalirudisha nyuma hadi kiwanja namba tisa bila kugonga kitu. Miaka yote Verlyn ndiye aliyekuwa kwenye usukani na mimi nyuma nikipunga mikono na kufokewa. Leo hapakuwa na wa kunifokea, na nimeukumbuka ule ukali wake.

Corrine, mwenye kambi, amemkumbatia na kumwuliza, "Mzee wangu, umetuletea joto?" Verlyn akamjibu, "Kahawa." Tangu kiharusi cha Februari amebakiwa na maneno matano: ndiyo, hapana, kahawa, basi, na tusi moja ambalo sitaliandika hapa. Ndiyo na hapana anazichanganya.

Corrine ametutoa namba tatu, kiwanja chetu cha miaka yote pale ufukweni mwa ziwa, akatuleta namba tisa kwa sababu njia ya huku ni tambarare na bafu liko karibu. Ni mahali pazuri, chini ya mialoni mikubwa. Ni kivuli kitupu.

Jumapili, 13 Mei

Kivuli hicho hicho ndicho balaa. Dishi la televisheni halishiki.

Nimelisimamisha kwenye miguu yake mitatu kama Verlyn alivyozoea, nikalizungusha kushoto, kulia, juu, chini, nikiingia ndani kutazama na kutoka tena, mara arobaini kama si hamsini. Dishi linataka kuiona anga ya kusini bila kizuizi. Kusini kwetu kuna mwaloni, na kwenye mwaloni kuna tawi moja lililotanuka kama mkono wa askari wa barabarani. Skrini inasema hakuna mawimbi.

Verlyn alikaa kwenye kiti chake mbele ya kioo cheusi na kofia ya timu yetu kichwani. Boti hawezi kupanda tena, ndoana hawezi kufunga, maneno hana. Imebaki besiboli. Majira yote ya joto kuna mechi karibu kila siku, na kwenye mechi mtu hahitaji kusema lolote. Saa tatu nzima anakuwa mwanamume kama wengine.

Jumatatu, 14 Mei

Nimemwendea Corrine ofisini.

"Lile tawi la kusini linamziba Verlyn. Likikatwa moja tu, yatosha."

"Mwaloni mwezi wa tano? Arlys, wewe si mzaliwa wa hapa hapa Minnesota? Unaniuliza hivyo?"

"Tawi moja, Corrine."

"Hata kijiti. Aprili mpaka Julai mwaloni haukatwi. Ukipata kidonda tu, vidudu vinauletea mnyauko, na ukishaupata mmoja, miti inaambukizana kwa mizizi. Hata gari likiuparuza, nataka niambiwe saa hiyo hiyo. Nina kopo la rangi stoo, napaka kidonda, yameisha. Ngoja Agosti, nitapanda ngazi mimi mwenyewe."

"Agosti ligi inaelekea ukingoni."

"Basi hamia kumi na sita. Jua tupu kule. Utashika mpaka Brazili."

Namba kumi na sita iko mlimani. Verlyn na mkongojo wake wangefika bafuni kesho yake. Ndivyo nilivyomwambia Corrine. Ukweli mwingine ni kwamba nilikuwa nimechoka na sikutaka kung'oa kambi upya. Nilitoka pale nikimwita bibi wa sheria, kimoyomoyo.

Alhamisi, 17 Mei

Mvua. Verlyn ametazama kioo cheusi tangu chai ya asubuhi.

Jumamosi, 19 Mei

Jirani wa namba kumi amefika. Roland Bisek, mjane, mkulima aliyewaachia wanawe shamba, msimu wake wa ishirini na mbili hapa. Mtu wa maneno mengi kupita kiasi. Amerudisha nyuma karavani yake huku akisimulia hadithi dirishani, akaugusa mwaloni wetu kwa bampa ya nyuma. Akashuka, akaupapasa mti, akasema, "Samahani, mama mkubwa." Alikuwa anauambia mti.

Amekuja na kuni tele za mwaloni, kutoka miti iliyokauka shambani kwake. Bango pale langoni linasema kuni za nje ni marufuku. Nilipomtajia alicheka. "Kuni za Corrine zimelowa, jirani. Ukizichoma unapata mvuke." Za kwake zina harufu tamu, kama tunda lililoanza kuchacha.

Jioni alimwuliza Verlyn, "Mechi leo tunaangalia wapi, kaka?" Verlyn alinyoosha kidole kwenye skrini, kisha kwenye tawi, kisha akatukana. Neno lile lilitoka safi kabisa.

Jumatatu, 21 Mei

Nitaandika ilivyokuwa.

Jumatatu kambi inakuwa tupu. Watu wa wikiendi wamerudi kazini. Roland alikwenda kliniki kupimwa macho. Corrine alikwenda mjini kuchukua mitungi ya gesi. Nilimwona akipita, nikampungia mkono. Kisha nikafungua sanduku la chini la gari na kutoa msumeno wa Verlyn wenye mpini mrefu, ule wa kupogolea mitufaha yetu nyumbani.

Verlyn alikuwa nje kwenye kiti. Aliuona msumeno, akautazama mti. Akasema, "Hapana."

Nikamwambia, "Unataka besiboli au hutaki?"

"Hapana. Hapana."

Sasa Verlyn akiulizwa kama anataka sukari husema hapana, na ukimnyima hukasirika. Hapana zake nyingi ni ndiyo. Nilijiambia hivyo na nikaanza kukata.

Nilikata kwa dakika ishirini na tano, nikipumzika, unga wa mti ukiniingia machoni. Tawi lilianguka kwa kishindo ambacho nadhani kilisikika ng'ambo ya ziwa. Lilikuwa nene kama paja langu. Kule juu palibaki kidonda cheupe, kipana kama sahani ya chai, chenye unyevu. Kilionekana tangu langoni. Nikachukua brashi ndefu ya kuoshea gari, nikaichovya kwenye matope ya ufukweni na kukipaka mpaka kikafifia. Majani na vijiti niliviburuta hadi kichakani. Shina la tawi nililikata vipande vinane nikavipanga katikati ya kuni za Roland, vichache vichache, gome juu.

Kopo la rangi nililijua. Nililijua lilipo. Lakini kuomba rangi ni kusema nimekata.

Saa tisa dishi lilishika. Picha ilikuja safi. Verlyn hakunitazama.

Jumanne, 22 Mei

Timu yetu imeshinda nne kwa mbili. Corrine amepita na kuona mechi ikiendelea. "Ah, mmepata pa kupenya?" Nikasema ndiyo, nimelisogeza dishi kidogo.

Jumapili, 3 Juni

Gari letu lina televisheni ya pili ubavuni kwa nje, chini ya turubai la kivuli. Roland anakuja na kiti chake kila mechi. Mwanzoni nilikereka. Anaongea tangu wimbo wa taifa hadi wachezaji wanapovua glavu. Halafu nikagundua kwamba anamwuliza Verlyn maswali na kumsubiri. Anasubiri kweli. Mimi humaliza sentensi za Verlyn kabla hajazianza. Roland anakaa kimya, jambo ambalo kwake lazima linauma, mpaka Verlyn atoe kitu, hata kama ni kidole tu.

"Huyu kocha angemtoa mrushaji au angemwacha, kaka?"

Akangoja. Verlyn akapunga mkono kuelekea benchi.

"Angemtoa. Na mimi nasema hivyo hivyo. Watu wawili wenye akili kambi nzima."

Ijumaa, 8 Juni

Moto wa Roland umefuka moshi jioni yote. Alikichokoa kipande kimoja kikatoa povu. "Ajabu hii. Kuni za miaka miwili na bado zinalia." Nilisema labda zimenyeshewa. Nikaingia ndani kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Jumatano, 20 Juni

Joto. Samaki wa kukaanga. Tumefungwa tisa bila.

Jumatano, 4 Julai

Siku ya uhuru, kambi imejaa. Nimepika viazi vya kuoka na nyama na jibini kwa watu thelathini. Watoto wamekimbia na bendera. Verlyn amecheka kwa sauti mara mbili. Corrine ameniambia, "Unaona? Mti wa kivuli na mchezo, mzee anapona." Nimeshindwa kula.

Jumapili, 15 Julai

Leo nilipokuwa nimelala chali kwenye kiti cha kamba niliona majani ya kileleni mwa mwaloni wetu yamebadilika. Si manjano ya vuli. Ni kama shaba, kutoka kwenye ncha kuja ndani, nusu ya jani kahawia na nusu bado kijani. Nimejiambia ni jua.

Jumanne, 17 Julai

Si jua.

Jumapili, 22 Julai

Majani yanadondoka mezani wakati wa mechi. Roland aliokota moja, akaligeuza. "Julai hii, na mti unavua nguo?" Verlyn alilichukua kutoka mkononi mwake, akaniletea mimi kwa mkongojo wake, hatua kumi na mbili, akaniwekea mapajani. Kisha akarudi kwenye kiti chake. Sijui tena nani alisema huyu mtu hawezi kuongea.

Jana nilipanga kumwambia Corrine. Nilikwenda mpaka mlango wa ofisi. Alikuwa anacheka na wageni kwenye simu, nikanunua barafu nikarudi.

Jumatatu, 30 Julai

Nusu ya mti imekauka. Mwaloni wa namba kumi nao umeanza kileleni. Corrine ameita bwana misitu.

Alhamisi, 2 Agosti

Bwana misitu amekuja, kijana mwenye ndevu na kisu kidogo. Tulisimama wote pale, Corrine, Roland, mimi, na Verlyn kwenye kiti chake. Roland alikuwa amenipa kikombe chake cha kahawa nimshikie ili afunge kamba ya kiatu.

Kijana alibandua gome la tawi lililodondoka, akaonyesha mistari myeusi ndani. "Mnyauko wa mwaloni. Huu umekufa. Ule wa pili unakufa. Mizizi yao imeungana, kwa hiyo ninachokiangalia sasa ni mstari wote huu." Akahesabu kwa kidole. Kumi na moja.

Corrine alishika mdomo. Babu yake ndiye aliyeikuta miti ile na kuiacha wakati wengine walikata.

"Unakujaje?" aliuliza. "Hapa hatukati. Kila mtu anajua hatukati."

"Ugonjwa huu unataka vitu viwili," kijana akasema. "Kuni zenye ugonjwa, ambazo vidudu hufuata harufu yake tamu. Halafu kidonda kibichi kwenye mti mzima. Kimoja peke yake hakitoshi."

Macho yote yalikwenda kwenye kuni za Roland. Kijana akachomoa kipande kimoja, akakinusa, akatikisa kichwa. "Na kidonda?" aliuliza. "Mwezi wa tano hivi, au wa sita mwanzoni. Nani anakumbuka chochote? Hata gari kugonga."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Hapo ndipo mahali pangu pa kusema. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua.

Roland akasema, "Mimi. Tarehe kumi na tisa nilirudisha nyuma nikaugusa na bampa. Nilidhani sijaumiza kitu." Akaenda mwenyewe kuonyesha mahali, akapiga magoti, akapapasa chini kwenye gome. Palikuwa na mkwaruzo wa urefu wa kidole. "Hapa," akasema. "Ni mimi, Corrine. Kuni ni zangu na kidonda ni changu."

Kijana akaandika. Hakutazama juu. Kule juu, mita mbili kutoka kichwani mwake, palikuwa na duara la matope makavu.

Corrine alimwambia Roland kwa sauti ndogo, "Ungeniambia siku ile. Kopo la rangi, dakika mbili." Kisha akaenda zake. Nikamrudishia Roland kikombe chake. Alisema asante.

Ijumaa, 3 Agosti

Sijalala vizuri. Nimejitetea mbele ya baraza langu mwenyewe: mkwaruzo ule pengine ndio kweli; kuni ni zake kweli; hakuna anayejua kidudu kiliingilia wapi. Halafu najiona tena na ile brashi ya matope. Mtu asiye na kosa hapaki matope.

Jumapili, 5 Agosti

Watu wameacha kumsalimia Roland. Mwanamke wa namba kumi na mbili alipita na mbwa wake akasema kwa sauti ya kusikika, "Mtu mzima na hawezi kusoma bango." Roland hakuja kwenye mechi. Verlyn aliweka kiti kitupu mahali pa Roland, kwa mkono mmoja, akakitazama mara nyingi kuliko skrini.

Jumanne, 7 Agosti

Roland ameondoka. Corrine alikuwa amemwambia asirudi mwakani, na yeye akasema hana haja ya kungoja mwakani. Nilimkuta anafunga meza yake.

"Baki angalau mpaka mwisho wa msimu," nilisema. Hilo tu ndilo nililoweza.

"Jirani, kila nikinyanyua macho naiona ile miti. Marehemu mke wangu alikuwa akiita safu hii kanisa." Alinipa mkono. "Wewe ni mtu mwema, Arlys. Mwangalie kaka yangu."

Nilisema nitamwangalia. Alipotoka langoni nilikwenda bafuni nikapaka rangi ya midomo.

Jumatatu, 13 Agosti

Mashine imechimba mtaro wa kukata mizizi. Kelele siku nzima. Verlyn hakutaka televisheni. Niliiwasha, akaizima.

Jumanne, 14 Agosti

Wamekata minne.

Jumatano, 15 Agosti

Minne tena. Tuliombwa tuhamie kumi na sita kwa usalama. Tumehama. Verlyn anafika bafuni bila shida. Anapumzika mara moja tu, njia nzima. Dishi limeshika mara ya kwanza nilipolisimamisha.

Alhamisi, 16 Agosti

Mitatu ya mwisho. Corrine alikaa kwenye ngazi za ofisi akiwa amevaa glavu za kazi, bila kazi. Nilimpelekea supu. Aliniegemea begani, akalia kidogo, akasema, "Angalau ninyi hamjaniongezea matatizo mwaka huu." Nilimpigapiga mgongo. Najichukia kiasi kwamba nimeshindwa hata kumtazama Verlyn usoni wakati wa kumnyoa.

Jumamosi, 25 Agosti

Sehemu ya katikati ya kambi sasa ni jua na visiki. Familia tatu zimeghairi viwanja vya mwakani. Mechi zinaendelea kila jioni, naziacha zijiendeshe. Nimegundua kwamba tangu Roland aondoke hakuna anayemwuliza Verlyn swali na kungoja jibu. Nimejaribu mimi. Nilimwuliza kama angemtoa mrushaji. Nilihesabu moyoni hadi thelathini. Alinitazama moja kwa moja mpaka nikaacha kuhesabu.

Jumatatu, 3 Septemba

Karamu ya kufunga majira ya joto, kila mtu na chakula chake. Meza ziliwekwa juani kwa kuwa kivuli hakuna. Corrine alisimama na karatasi. Alisema safu ya katikati itafungwa mwakani, itapandwa miche, na sisi tuliopo hatutaishi kuona kivuli chake, lakini watoto wataona. Akashusha karatasi, akakaa.

Mwanaume wa namba kumi na mbili akasema, huku anajipakulia saladi, "Shukrani zote zimwendee Bwana Bisek na kuni zake. Bora alivyojiondoa mwenyewe."

Wachache walicheka. Verlyn aligonga meza kwa kikombe. Akagonga tena mpaka watu wakanyamaza. Akaweka kiganja cha kushoto kifuani.

"Mimi," akasema.

Hakuwa amelisema neno hilo tangu Februari. Mtaalamu alilitafuta kwa miezi mitatu kwa picha na kioo.

Corrine akamwinamia. "Wewe nini, mzee wangu? Unataka kahawa?"

"Mimi." Akainua mkono wa kushoto juu ya kichwa na kuvuta, kusukuma, kuvuta, kusukuma. Kila mtu pale anakata kuni. Hakuna ambaye hakujua ni kitendo gani. Kisha akaonyesha kule visiki viliko, halafu akaonyesha dishi letu. Kisha kifua tena. "Mimi."

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani kama glavu iliyosahauliwa. Mtu yule hawezi kukata mkate. Nilimwona Corrine akiutazama mkono ule, kisha dishi, kisha mahali tawi lilipokuwa, ambapo sasa pana hewa tu. Mwishowe akanitazama mimi. Nilikuwa na sinia la keki.

Nilikuwa bado na nafasi. Aibu yangu kubwa kuliko zote ni kwamba, kwa muda wa pumzi moja, nilifikiri labda wataamini ni yeye.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi. Tarehe ishirini na moja Mei, ulipokwenda kuchukua gesi. Nilikata tawi na kupaka matope. Vipande nilivificha kwenye kuni za Roland."

Mtu fulani alimwita mtoto wake aje karibu.

Corrine hakupaza sauti. "Uliniuliza," akasema. "Nikakuambia Agosti."

"Ndiyo."

"Na kumi na sita nilikupa."

"Ndiyo."

"Ulisimama pale na kikombe chake." Alikusanya karatasi yake. "Roland anajua?"

"Hapana."

"Usimpigie simu. Nenda ukamwambie usoni. Kisha usirudi hapa, Arlys. Verlyn namba yake ipo siku zote, akija na mtu mwingine."

Jumanne, 4 Septemba

Nimefunga kambi. Hakuna aliyekuja kutusaidia wala kutuzuia. Nimempa Verlyn uji, nikamwuliza kwa nini alisema ni yeye. Amenishika kifundo cha mkono, kwa nguvu, muda mrefu. Nilitaka kuamini ni upendo. Nadhani ni upendo, na pia alikuwa amechoka kuningoja.

Jumapili, 16 Septemba

Nyumbani. Nimewasha gari mara mbili kwenda kwa Roland. Mara mbili nimelizima.

Jumapili, 30 Septemba

Tumekwenda. Mwendo wa saa mbili na nusu, mahindi yamekauka pande zote mbili za barabara. Nimelichukua gari kubwa kwa sababu Verlyn hulala njiani. Roland anaishi kwenye nyumba ndogo mwisho wa shamba. Aliposikia injini alitoka mbio, akamshusha Verlyn mwenyewe, akacheka, akasema, "Kaka yangu amekuja." Mahali karavani yake ilipokuwa ikikaa palikuwa na mstatili wa nyasi za manjano.

"Umeiuza?" nikauliza.

"Nimeiuza. Mtu kama mimi asiende tena kukaa karibu na miti ya watu."

Hapo nilimwambia, nimesimama uani, bila kukaa. Nilimwambia tawi, msumeno, matope, vile vipande vinane. Nilimwambia na kikombe. Roland ninayemjua angenikatiza mara kumi. Hakunikatiza hata mara moja.

Nilipomaliza alitazama chini. "Tangu lini ulijua?"

"Tangu majani ya kwanza. Julai."

"Julai." Alivua kofia na kuivaa tena. "Wanangu nimewaambia mimi ndiye niliyeiua ile miti. Wajukuu nimewaambia. Nilikwenda makaburini kumwambia mke wangu." Alisema bila ukali, kama mtu anayehesabu mizigo aliyoibeba. "Unajua ningekuambia nini siku ile ile ya Mei, jirani? Ningesema twende tukapake rangi."

Nilisema naomba radhi. Nilisema nitawaandikia wanawe. Alisema niwaandikie.

Halafu akamgeukia Verlyn. "Mechi ya mwisho ya msimu leo. Inaanza saa saba. Utaangalia na mimi?" Akasubiri. Verlyn akasema, "Ndiyo," na ilikuwa ndiyo.

Nilinyoosha mkono kumsaidia kupanda ngazi ya mlango. Roland aliwahi kuchukua mkono ule mwingine, akautoa wangu kwa upole. "Huyu ninaye," akasema. "Wewe kaa kwenye gari."

Nimekaa kwenye gari. Ninaandika kwenye meza ya kulia. Ningeweza kuwasha televisheni yetu, hapa hakuna hata mti mmoja, anga yote ya kusini iko wazi; sikuiwasha. Dirisha lao liko wazi pia, na ninamsikia Roland akiuliza maswali, halafu kimya kirefu, halafu Roland tena. Ilikuwa hivyo kwa saa tatu. Sijui nani alishinda.

Walipotoka Verlyn alikuwa na makombo ya keki kidevuni na mashavu mekundu. Roland alimpandisha, akamfunga mkanda, akazunguka upande wangu wa dirisha. Nikashusha kioo.

"Jumapili ijayo mlete," akasema. "Saa sita. Wewe usishuke."

Nimesema sawa, nitamleta.